Miezi kumi na minane bila kuimba kando ya mto Tana

Saa moja kasoro robo asubuhi, na Elia Kavumbi hajibu salamu.

Jirani yake Charo anamwita kutoka shamba la tatu, viganja amevizungushia mdomoni: "Mwalimu, umeamkaje?"

Wakulima wa huku juu ya Garsen husalimiana hivyo, shamba kwa shamba, ng'ambo kwa ng'ambo. Sauti ya mtu humfikia mwenzake kabla ya uso wake. Lakini Kavumbi anainua mkono tu. Anashuka, anakanyaga tope la kingo za majaruba ya mpunga, anavuka mfereji, na akibakiza hatua mbili kumfikia Charo anasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa: "Nimeamka salama. Wewe je?"

Kisha anarudi njia ileile mpaka kwenye dungu lake, kichanja cha miti ambacho mlinzi wa mpunga hukaa juu yake kuamia ndege wasimalize punje. Matope yamempanda hadi magotini, kwa ajili ya salamu moja.

Kijijini wengine wanasema ni maringo. "Amekaa Ulaya miaka kumi na saba, sasa sisi ni watu wa kuinuliwa mkono," anasema mwanamke mmoja anayepita na ndoo kichwani. Anasema kwa sauti ya kutosha ili mlengwa asikie.

Kavumbi anasikia. Anatabasamu na kuvuta kamba.

Kamba hiyo imefungwa makopo ya maziwa ya unga, na inapita juu ya shamba zima la mama yake. Akivuta, makopo hugongana na ndege huruka. Majirani hawatumii kamba. Wao hupiga kelele tangu alfajiri hadi jua linapozama, kwa wiki tano, mpaka mpunga ukatwe. Jioni koo zao zinakwaruza kama misumeno, na asubuhi wanaanza tena.

Kavumbi hawezi kufanya hivyo. Kazi yake halisi ni koo.

Kwa miaka kumi na miwili, mzaliwa huyu wa ukingo wa Tana aliimba opera katika jumba la mji mdogo nchini Ujerumani. Opera ni mchezo wa jukwaani ambao wahusika huimba badala ya kusema, bila kipaza sauti, huku chini yao wapigaji wa ala sitini wakipiga kwa nguvu zote. Mwimbaji lazima asikike juu ya ala zote hizo, mpaka kiti cha mwisho.

"Watu hudhani ni kupiga kelele," anasema. "Ukipiga kelele utasikika siku mbili, ya tatu umekwisha. Tulifundishwa kuiweka sauti mahali pake, mbele, usoni, na kuishikilia kwa pumzi ya huku chini." Anajigusa mbavu.

Sauti yake ni ya tatu kwa hesabu ya wanakwaya, ile ya juu ya wanaume. Aligunduliwa nayo mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na mmoja, kanisani, na mwalimu wa kinanda aliyekuwa akipita misheni za mto. Mwalimu huyo alimsomesha noti. Baadaye Kavumbi akapata shule Nairobi, na mwaka 1981 akapata msaada wa masomo wa kwenda Ujerumani. Alisoma uimbaji miaka mitano kabla ya kuruhusiwa kukanyaga jukwaa kwa mshahara.

"Mwaka wa kwanza sikuimba wimbo hata mmoja," anakumbuka. "Kupumua tu. Nilimwandikia baba kwamba nasomea kupumua. Akajibu kwamba hata kuku wetu wanajua."

Mshahara wake ulifika marki elfu tatu na mia moja kwa mwezi. Aliimba katika kundi, na mara nyingine sehemu ndogo za peke yake: mtumishi, askari, mleta barua. Majira ya baridi ya mwaka 1997 alipewa sehemu kubwa kwa mara ya kwanza. Alikuwa na mafua. Angeweza kusema naumwa. Hakusema.

"Nilingoja miaka kumi na mmoja kuimba kile kipande. Nikaimba usiku wa kwanza, nikaimba wa pili. Wa tatu nilifungua kinywa ikatoka hewa."

Daktari alikuta kinundu kwenye uzi wa sauti, kidogo kama punje ya mtama, na damu imevilia kando yake. Februari 1998 kiliondolewa. Masharti yalikuwa haya: mwaka mzima asiimbe kwa sauti nzima, asipige kelele, na asinong'one pia, maana kunong'ona hukwaruza kuliko kusema. Baada ya mwaka, ajaribu. Jumba la opera halikusubiri. Aprili mwaka huo alirudi nyumbani, akakuta maji ya El Niño yanaanza kukauka na nyumba ya mama yake imebaki nguzo nne.

Tangu hapo ni mkulima. Jumapili hufundisha kwaya ya kanisa bila kuimba. Hugonga kichuma chenye meno mawili kinachotoa noti moja, kisha huonyesha kwa mkono juu na chini. Wanakwaya humpa shilingi mia nane kwa mwezi, na mara nyingi zaidi humpa samaki.

Asubuhi na jioni hukaa mlangoni na bakuli la maji, akatia mrija wa tete, akapuliza huku anavuma kwa sauti ndogo mpaka maji yachemke kwa mapovu. Ni zoezi la kuamsha nyuzi za sauti bila kuzichosha. Wapita njia wana maoni yao.

"Mwalimu, supu hiyo haijapoa tu tangu mwaka jana?" Charo humuuliza.

"Bado ina moto, bwana," hujibu Kavumbi.

Mwaka wa daktari uliisha Februari iliyopita. Sasa ni Agosti. Kavumbi hajajaribu.

Anapoulizwa sababu, anavuta kamba ya makopo, ingawa hakuna ndege.

"Nikijaribu nitajua," anasema.

Mama yake, ambaye wote humwita Mama Elia, ana jibu fupi zaidi. Yuko chini ya dungu anapepeta mchele wa mwaka jana. "Anaogopa," anasema bila kuinua kichwa. "Baba yake alikuwa hivyohivyo na jino. Alitembea nalo miezi minane."

Lakini muda wa kuogopa unamwishia. Mwezi uliopita barua ilimfikia kwenye posta ya Garsen. Jumamosi ya tarehe 18 Septemba, Nairobi, waimbaji watasikilizwa kwa ajili ya mkataba wa miaka miwili wa kuimba na kufundisha. Kwa kila aina ya sauti atachukuliwa mmoja. Jina lake limetolewa na mtu aliyewahi kuimba naye.

Lazima ajibu, na jibu lazima litiwe posta Ijumaa ya tarehe 27 Agosti, liseme ataimba nini. Mpiga piano atajiandaa kwa wimbo huo. Ukishaandikwa haubadilishwi.

Kavumbi ana nyimbo mbili. Mmoja unakaa katikati ya sauti yake. Haumtishi, na haumpatii mtu kazi. Wa pili unapanda hadi noti ya juu ambayo wasikilizaji wa aina hiyo huja kuisubiri. Mwimbaji huifikia, hukaa juu yake, na hapo ndipo wanapoandika ndiyo au hapana.

"Nikiandika ule wa chini, nitarudi hapa kuamia ndege mpaka nizeeke," anasema. "Nikiandika wa juu na sauti haipo, nitasimama mbele yao na ile hewa tena."

Karatasi ya jibu imo ndani ya Biblia ya mama yake. Nafasi ya jina la wimbo iko wazi.

Saa nne na robo, Hirbo anafika ng'ambo na ng'ombe wake.

Hirbo ni mfugaji wa Kiorma mwenye umri kama wa Kavumbi. Yeye na wakulima wa upande huu wamekuwa wakigombana tangu Juni. Njia ya zamani ya kunyweshea mifugo, malka, ililiwa na mafuriko, na mahali palipobaki pa kushukia ni mkabala na mpunga. Ng'ombe mmoja akivuka, robo eka inakwenda. Kila siku Charo hupiga kelele, "Toa ng'ombe." Kila siku Hirbo hujibu kwamba mto hauna mwenyewe. Mwezi Julai watu walifikia kushikiana panga, wazee wakaingia kati.

Mto hapa una upana wa hatua kama tisini. Ng'ambo, ukingo umesimama wima, kimo cha watu wawili. Ng'ombe thelathini na kitu wamejaa juu yake wakingoja zamu ya kuteremka, na Hirbo amesimama kwenye ncha kabisa, mguu mmoja ameukunjia kwenye goti la pili, fimbo mabegani.

Kavumbi anaacha kuvuta kamba.

Kutoka juu ya dungu kinaonekana kile ambacho Hirbo hawezi kukiona. Chini ya miguu yake maji yamechimba ukingo kwa ndani, shimo refu jeusi, na juu yake pamebaki paa la udongo lisilo na nguzo. Mafungu ya udongo yanadondoka majini moja baada ya jingine.

Charo naye ameona. "Hirbo," anaita kwa nguvu zake zote, "toa ng'ombe hapo."

Hirbo anasikia. Anachosikia ni maneno ya jana na juzi. Anaushusha mguu wake, anachomeka fimbo ardhini na kusimama imara zaidi. "Leo sitoi," anajibu. "Maji ya Mungu."

"Si hayo, baba. Ardhi inaanguka."

Wakati huohuo kundi la ndege linainuka kutoka shamba la mwisho. Madungu yote yanaanza mara moja, debe, makopo, "hoo, hoo", watu kumi na wawili kwa mpigo. Charo anaita tena. Sauti yake ni kelele moja ndani ya kelele nyingi. Majira haya hakuna anayegeuka kwa sababu mtu fulani anapiga kelele karibu na mto.

Fungu kubwa la udongo linaanguka. Ng'ombe mmoja anarudi nyuma, anamsukuma mwenzake. Hirbo anawatuliza, mgongo kwa mto.

Kavumbi amesimama. Mkono mmoja ameuweka chini ya mbavu. Mama Elia ameacha kupepeta na anamtazama mwanawe kutoka chini, ungo umesimama hewani. Anafungua kinywa, anafunga. Anavuta pumzi polepole mpaka shati linajaa.

Anaimba jina la mtu.

"Hir", silabi ya kwanza, iko katikati ya sauti yake. "Bo", ya pili, inapanda, na inakaa kule juu.

Haifanani na kelele. Inapita juu ya debe na makopo. Dungu la karibu linanyamaza, halafu la pili, halafu yote. Mwanamke wa ndoo anageuka njiani. Ng'ombe wanainua vichwa. Jina linaendelea, refu, mpaka pasiwe na kitu kingine mtoni isipokuwa hilo.

Hirbo anageuka.

Katika ukimya huo Kavumbi anamwambia, kwa noti moja tambarare, kila neno peke yake: "Rudi nyuma. Chini yako pametoboka."

Hirbo anatazama miguu yake, kisha nyuso za watu wote waliosimama kwenye madungu. Anarudi nyuma hatua mbili, tatu. Anapiga mluzi, ng'ombe wanaanza kugeuka, wanasukumana kuelekea vichakani. Hirbo naye anakimbia nao.

Ukingo unaondoka wote kwa pamoja. Kwanza ufa, kisha kishindo, kisha wimbi la maji ya kahawia linalovuka hadi upande huu na kulowesha mistari ya kwanza ya mpunga. Ng'ombe wawili wa mwisho wameanguka nao. Mmoja anaogelea na kupandia chini zaidi. Mtamba mwekundu haonekani tena.

Kavumbi ameketi. Ameshika koo kwa vidole viwili na anameza mate, anatulia, anameza tena. Mama yake anampelekea maji ya vuguvugu, anaweka kikombe na kuondoka bila kuuliza.

Alasiri Hirbo anavuka kwa mtumbwi na kibuyu cha maziwa. Anamkuta Charo kwanza.

"Kila siku nyinyi nasema toa ng'ombe, toa ng'ombe," anasema Hirbo. "Mimi najuaje leo ni ya kweli?"

"Hata jana ilikuwa ya kweli," anasema Charo. "Ila jana hukuanguka."

"Hata leo mimi sikuanguka. Mtamba wangu ameanguka."

"Pole kwa mtamba, ndugu."

Hirbo anakaa kwenye gogo. Kuhusu malka hakuna kilichoamuliwa. Watakutana Jumatatu na wazee wa pande zote mbili, na hakuna anayeahidi kwamba watakubaliana. Anamwelekea Kavumbi.

"Wewe iko na hiyo sauti siku zote," anasema, "na mimi nasikia makopo tu?"

"Nilikuwa naihifadhi," anajibu Kavumbi.

"Ya nini?"

Kavumbi anacheka, mara ya kwanza siku hiyo, na anaacha ghafla kusikiliza kama kicheko kimekwaruza.

Kinachomsumbua sasa ni jambo ambalo hawezi kulijua mwenyewe. Mwimbaji, anaeleza, hujisikia kwa ndani, kupitia mifupa ya kichwa. Anachosikia yeye sicho kinachowafikia watu. Ndiyo maana hata waimbaji wakubwa huwa na mtu wa kuwasikiliza. Yeye huku hana.

Amemuuliza mama yake, ambaye sikio moja halisikii vizuri. Mama kasema imemkumbusha marehemu mumewe. Amemuuliza Charo. "Ilikuwa kubwa, mwalimu," kasema Charo. "Kubwa kabisa." Amemuuliza Hirbo, na Hirbo kasema alidhani ni malaika au ni serikali.

"Si ukubwa ninaouliza," anasema Kavumbi. "Ni pale juu. Ilikaa, au ilitikisika? Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa, sikusikia."

Alimuuliza pia mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama chini ya dungu, hatua nne kutoka kinywani mwake. Alisubiri jibu. Hakupata. Aliona daftari limeinamiwa, akasema si kitu, na akaenda kurekebisha kamba zake kabla ndege wa jioni hawajafika.

Mipango yake ni ya mtu asiye na hakika. Akienda, ataondoka Garsen siku tatu kabla, ili vumbi la njiani limtoke kooni. Atalala kwa mwanakwaya wa zamani huko Nairobi. Mpunga utakuwa umekatwa, Charo ameahidi kumsaidia Mama Elia kupura. Akichukuliwa, atamjengea mama nyumba kwenye ardhi ya juu, mbali na maji, na anataka siku moja kuwafundisha watoto wa mto huu kupumua. Asipochukuliwa, anasema, kamba na makopo viko tayari.

Hiyo ni kama ataandika wimbo wa juu. Hadi mwandishi anaaga, nafasi kwenye karatasi ilikuwa bado wazi.

Gazeti hili hufika Garsen Alhamisi. Posta inafunga Ijumaa jioni.

Mwalimu Kavumbi, nilisikia. Sikujibu kwa sababu niliacha shule darasa la sita, noti sizijui, na niliona haya kumpimia sauti mtu aliyeisomea miaka mitano. Mwanzoni kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ukaisha hapohapo. Baada ya hapo jina la Hirbo lilikaa kule juu na halikutikisika, wala kidogo, mpaka pumzi yako ilipokwisha. Nilikuwa nimeshika kalamu na sikuandika chochote. Andika wimbo wa juu.